Taa Mbili Katika Mstari Mmoja

Somo: Mathayo 5:14–16

Sisi tunaokaa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu hatuna bahari, lakini tuna mlima. Mtu akipotea njia, ukungu ukiondoka hutazama kilele, naye hujua nyumbani ni upande gani. Baharia hana mlima wa namna hiyo usiku. Tena hatari yake kubwa mara nyingi haipo katika maji marefu, bali karibu na pwani, penye miamba. Meli nyingi za zamani zilivunjika zikiwa karibu kufika.

Ndiyo sababu katika karne ya kumi na tisa watu walijitahidi sana kujenga minara ya taa. Kule Uskoti uko mwamba uitwao Bell Rock, kilomita kama 18 kutoka pwani. Maji yakijaa, mwamba wote hufunikwa. Mwaka 1807 Robert Stevenson na mafundi wake walianza kujenga mnara hapo, na mwanzoni waliweza kufanya kazi saa chache tu, maji yanapokupwa. Taa iliwashwa tarehe 1 Februari 1811, na mnara ungali umesimama. Taa hiyo ilizunguka, ikionyesha nyeupe na nyekundu kwa zamu, ili nahodha asiidhanie kuwa nyingine. Waskoti waliofungua misheni ya Tumutumu mwaka 1908 walitoka katika nchi iliyojua gharama ya taa moja.

Huku kwetu, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib huko Unguja mwaka 1883, na mbele yake ulisimama mnara mrefu wa taa ulioelekea bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga. Vita havikuchukua hata saa moja, lakini mnara uliharibika, na baadaye ukaondolewa. Kilichowaongoza mabaharia kiliharibiwa katika asubuhi moja.

Pamoja na minara yako maboya. Boya huelea juu ya maji, lakini limefungwa kwa mnyororo kwenye uzito ulio chini kabisa. Mawimbi hulichezesha, wala halipaswi kuondoka mahali pake. Rangi yake humwambia nahodha apite upande gani. Zamani kila nchi ilikuwa na rangi zake, na mgeni aliweza kusoma vibaya akapanda mwamba. Mataifa yalilijadili jambo hili Washington mwaka 1889. Hata mapatano ya mwaka 1980 yaligawa dunia mafungu mawili: kwetu Afrika Mashariki, meli iingiapo bandarini, boya jekundu huwa kushoto, Marekani huwa kulia.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu zaidi. Mlango wa bandari ukiwa mwembamba, taa moja haitoshi. Huwekwa mbili: ya mbele huwa chini, na ya nyuma huwa juu zaidi. Nahodha akiona ya juu imesimama wima juu ya ya chini, anajua yumo katika mkondo. Akiona ya chini imehamia kushoto, hugeuza chombo kushoto mpaka zikutane tena. Hahitaji kuuona mwamba. Anahitaji tu taa mbili zilizo katika mstari mmoja.

Mpendwa, mtoto wako ni chombo kinachotafuta mlango huo usiku. Nyumbani mwako anazo taa mbili: yale anayoyasikia kwako, na yale anayoyaona kwako. Mama humwambia mtoto asiseme uongo, mdai akibisha hodi, humtuma mtoto yule yule aseme, "Mama hayupo." Baba hukataza pombe, naye hurudi usiku akishika ukuta. Mzee wa kanisa hufundisha haki Jumapili; Jumatatu hupunguza kilo katika mizani ya kahawa ya jirani. Taa zote mbili zinawaka, lakini haziko katika mstari mmoja. Mtoto habishani nawe. Hunyamaza, akachagua taa moja, na mara nyingi huchagua ile anayoiona.

Bwana wetu hakutuambia tuwe taa kubwa kuliko zote. Alisema nuru yetu ionekane mbele ya watu kwa matendo. Mlinzi wa mnara hakusifiwa kwa ukubwa wa taa yake. Kazi yake ilikuwa kufuta vioo kila siku, kutia mafuta, na kuiwasha jioni mahali pale pale, hata asipoona meli yo yote.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, jiulize: nilisema nini leo, na nilitenda nini? Kama vimeachana, usingoje mwaka mpya. Mwite mtoto, mwambie ukweli, na kesho mlipe yule mdai. Huenda chombo kimekwisha kukaribia miamba, nacho kinakutazama wewe.