Matuta ya Slievemore

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo twende mbali, hadi Achill, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo kando ya Ireland. Kiko magharibi, katika kaunti ya Mayo, kinapigwa na upepo wa Atlantiki, na mvua yake haingoji masika wala vuli.

Ireland yote imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000. Kila kimoja kina jina na mipaka, hata kama siku hizi hakina mkazi. Kimojawapo ni Slievemore, chini ya mlima wa jina hilohilo wenye kimo cha mita 671. Kwenye mteremko wa kusini kuna magofu ya nyumba za mawe zipatazo mia moja, zimefuatana kwa zaidi ya kilomita. Hakuna hata moja yenye paa. Juu yake kidogo kuna makaburi ya mawe makubwa, kazi ya wakulima walioishi hapo yapata miaka 5,000 iliyopita.

Tuingie nyumba moja. Ina chumba kimoja tu. Mawe ya ukuta yamepangwa bila chokaa, na bado yamesimama. Hapo ukutani pametokeza jiwe lenye tundu, la kupitishia kamba.

“Kamba ya nini, babu?”

Ya ng'ombe! Watu walilala upande huu, ng'ombe upande ule. Msiwacheke. Ng'ombe huyo ndiye maziwa na siagi, na usiku wa baridi joto lake liliwafaa wote. Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo walikata udongo mweusi wa kinamasi, wakauanika, wakauwasha.

Ardhi ilikuwa ya bwana mwenye shamba, nao walilipa kodi. Lakini wenyewe kwa wenyewe waligawana kwa haki: kila familia ilipata vipande vya udongo mzuri na vya udongo mbaya, na mara kwa mara waligawana upya ili asionewe mtu.

Sasa tokeni nje mtazame mteremko. Mnaona mistari iliyoinuka chini ya majani? Ni matuta ya viazi mviringo. Walitandaza mwani kutoka pwani uwe mbolea, wakapanga mbegu juu yake, kisha wakapindua udongo wa kushoto na kulia kuzifunika. Palipochimbwa pakawa mfereji wa kutolea maji ya mvua. Kwa njia hiyo hata ardhi ya kinamasi ililisha watu.

Hatari ilikuwa moja: maskini wengi walitegemea zao hilo peke yake. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu, viazi vikaoza ardhini. Mwaka 1846 hali ikawa mbaya zaidi. Wakati huo Ireland ilitawaliwa kutoka London, na nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza huku watu wakifa njaa. Kabla ya njaa hiyo nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama, wengi kwenda Marekani. Ugonjwa wa ukungu uliharibu viazi. Binadamu ndio walioacha chakula kiende zake. Hilo mlishike.

Slievemore haikuhamwa kwa siku moja. Familia ziliteremka kidogo kidogo hadi Dooagh, ufukweni, ambako bahari iliwapa samaki. Hata hivyo, wakati wa kiangazi vijana waliendelea kupandisha ng'ombe mlimani na kulala katika nyumba zile za zamani, desturi iliyodumu hadi karne ya 20.

Kuanzia miaka ya 1990 wanaakiolojia walichimba hapo pamoja na wanafunzi. Wengi wa waliolima mteremko ule hawakujua kusoma wala kuandika, lakini kwa kupima matuta yao tunajua walivyolima, walivyogawana na walivyovumilia. Basi nanyi, mkipita shamba la zamani huko kwenu, ulizeni wazee jina lake na nani alililima kwanza. Ulizeni wakiwa hai, kisha andikeni.