Diski ya Kompyuta Iwe na Jina la Kudumu



Siku hizi kumbukumbu za michango, mishahara na siku za likizo zimo ndani ya kompyuta. Zikipotea, ushahidi wetu mbele ya mwajiri umepotea pia. Kwa hiyo yafaa kila katibu wa tawi aelewe jinsi kompyuta inavyozitambua diski zinazotunza kumbukumbu hizo.

JINA LA MSTARI

Tuzitazame kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991. Mashine inapowashwa, Linux hutafuta diski zilizounganishwa na kuzipa majina jinsi inavyozikuta: ya kwanza sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Ni kama mnyapara anayewaita wachumaji chai kwa mahali waliposimama asubuhi: wewe wa kwanza, wewe wa pili. Kesho wa pili akichelewa, mwingine husimama mahali pake, na kilo za mmoja huandikwa kwa mwingine.

Diski nazo ni hivyo hivyo. Ukiongeza diski mpya, ukihamisha waya, au diski moja ikichelewa kuamka, iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo. Tuseme mtu anataka kufuta diski tupu, naye anakumbuka kwamba ni sdb. Kama majina yamebadilishana, atafuta michango ya miaka mingi kwa amri moja.

JINA LA KUDUMU

Mfanyakazi ana namba yake ya kazi, nayo haibadiliki asimame popote. Diski pia zina alama za namna hiyo, na Linux huziorodhesha ndani ya /dev/disk. Zinazofaa ni tatu:

1. Namba ya kiwandani. Hutolewa na waliounda diski. Haibadiliki hata diski ikifutwa yote.

2. UUID. Kwa kawaida ni tarakimu na herufi 32, zikitenganishwa na vistari 4. Huandikwa sehemu ya diski inapotayarishwa kupokea kumbukumbu. Ikitayarishwa upya, hubadilika. Ukinakili diski nzima kwenye nyingine, zote mbili zitakuwa na UUID moja. Usiziache zimeunganishwa pamoja.

3. Lebo. Hii twaitunga wenyewe, kwa mfano MICHANGO. Ni rahisi kukumbuka, lakini diski mbili zisipewe lebo moja.

LA KUFANYA

Fundi atoe amri ya lsblk -f, ataonyeshwa UUID na lebo. Kisha afungue faili la /etc/fstab, ambamo kompyuta husoma diski za kufungua inapowaka. Kwanza alitolee nakala. Palipoandikwa /dev/sdb1, aandike UUID= na namba yenyewe. Kabla ya kuzima mashine akague kwa amri ya findmnt --verify, maana namba ikikosewa kompyuta yaweza kukwama inapowaka.

Na kabla ya kufuta diski yo yote, namba ya kiwandani ilinganishwe na ile iliyobandikwa juu ya diski.

Katika mkutano ujao wa tawi, wanachama waulize: diski yetu inatambulikanaje, na alama hiyo imeandikwa wapi? Iandikwe katika daftari la katibu, kwa kalamu. Kumbukumbu hizi ni mali ya wanachama wote, si siri ya fundi mmoja.