Hesabu za koperative mahali pamoja: zitatusaidia nini?

Wakati wa mavuno, kuanzia Aprili mpaka Juni, mnunuzi anafika na kamio yake na anauliza swali moja: «Muna tani ngapi?» Koperative nyingi zinakosa jibu. Mahindi yako, lakini hesabu yake imegawanyika: kipande kimoja mu kaye ya sekretere, kingine mu telefone ya prezida, kingine mu kichwa cha mlinzi wa depo. Basi mnunuzi anapita kwa kila mlimaji peke yake, na bei anaipanga yeye.

Siku hizi mashirika mengi, na letu pia, yanazungumza juu ya «jukwaa moja la data mu wingu». Baba na mama walimaji wanatuuliza: ni kitu gani hicho, na sisi tutapata nini? Mu namba hii tunaeleza kazi yake, faida yake, na maswali ya kuuliza mbele ya kukubali.

Wingu ni nini?

Siyo kitu cha angani. Ni ordinateri zilizowekwa mu majengo ya mbali, zenye kufanya kazi mchana na usiku, na sisi tunazifikia kwa intaneti. Mwenye kutumia M-Pesa, Orange Money ao Airtel Money anajua jambo hili tayari. Telefone ikianguka mu maji, franga haipotei, juu haikukaa mu telefone. Ukirudishiwa namba yako, unakuta hesabu yako pale pale.

«Jukwaa moja» maana yake ni kwamba hesabu zote za koperative zinakaa pamoja: liste ya wanamemba, hekta, mbegu, mbolea, mavuno, depo, madeni na bei. Zikikaa pamoja, zinaweza kujumlishwa na kulinganishwa. Zikikaa mu kaye tano, kila kaye inasema habari yake.

Mfano uko kijijini kwetu

Muangalie kituo cha afya. Kila mwezi muuguzi anajaza karatasi: malaria ngapi, watoto wangapi wamepewa chanjo, akina mama wangapi wamezaa. Karatasi inakwenda ku ofisi ya zone ya afya, na kule inaingizwa mu programu inayoitwa DHIS2, ambayo ilianzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norvege. Kongo ina zone za afya 519. Mkubwa wa afya wa provensi anaweza kulinganisha Kasenga na Sakania bila kungoja mtu alete mzigo wa karatasi.

Muone jambo moja: kijijini, karatasi haikuondoka. Muuguzi bado anaandika kwa biki. Koperative pia haihitaji kila mlimaji anunue telefone kubwa ao mega za kila siku. Inatosha watu wawili ao watatu wenye kujua kuingiza hesabu, na kaye iliyoandikwa vizuri.

Kipimo kimoja, ao kazi bure

Tunatilia mkazo hapa, juu ndiyo mahali hesabu nyingi zinaharibika. Tuseme sekta ya kwanza inaleta mifuko 120, na sekta ya pili mifuko 80. Sekretere anaandika: mifuko 200. Mu kichwa chake kila mfuko ni kilo 50, basi anamwambia mnunuzi tani 10. Lakini mifuko ya sekta ya pili ilikuwa ya kilo 100! Hesabu ya kweli ni kilo 6.000 na kilo 8.000, jumla tani 14. Tani 4 zimepotea mu maandiko, na sasa watu wanaanza kutazamana kwa jicho baya, wakati hakuna mwizi.

Jukwaa haliwezi kuponya ugonjwa huo. Ukiingiza uongo, litajumlisha uongo haraka sana. Meka ya huyu na meka ya yule pia hazilingani. Kwa hiyo, kila kitu kipimwe ku balansi na kiandikwe kwa kilo.

Faida tatu

Ya kwanza ni kuuza. Lubumbashi inategemea sana mahindi na unga vinavyopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Tarehe 29 Februari 2024, juu ya ukame, Zambia ilitangaza hali ya msiba wa taifa. Wakati kama ule, mji unatafuta mahindi ya hapa. Koperative yenye kusema «tuna tani 14, zimekauka, ziko depo» inaweza kuzungumza bei. Yenye kusema «tutaangalia» inapitwa.

Ya pili ni kununua na kulinganisha. Mukijua hekta za kila mlimaji mu Julai, munaagiza mbegu na mbolea pamoja, mbele ya mvua ya Novemba, na kamio moja inatosha. Na kisha miaka mitatu, hesabu zinaonyesha jambo ambalo kaye moja haionyeshi: wenye kupanda katikati ya Novemba walipata kilo ngapi kwa hekta, na wenye kupanda kisha Noeli walipata ngapi? Hapo mazungumzo yetu na ninyi hayasimami tena ku mdomo tu.

Ya tatu ni wadudu. Kiwavi jeshi wa Amerika alionekana Afrika mwaka 2016, na leo yuko mu mashamba yetu. Kipepeo wake anaweza kuruka kilometa 100 usiku mmoja, kwa hiyo habari ya shamba la jirani ni habari yako. FAO ilitoa programu ya telefone, FAMEWS, mwaka 2018: mlimaji anapita shambani kwa njia kama herufi W, anasimama mahali 5, anaangalia mimea 10 kila mahali, na anaandika mingapi imeliwa. Inafanya kazi hata bila intaneti. Habari zinatumwa ukifika penye mtandao.

Maswali ya kuuliza mbele ya kusaini

Nani ataona nini? Jumla ya depo siyo siri, lakini deni la mama fulani ni siri yake. Sheria ya Kongo juu ya mambo ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu. Muombe ruhusa ya kila mwanamemba.

Nani atalipa projet ikiisha? Na tukitaka kuondoka, tunaweza kutoa hesabu zetu zote na kwenda nazo? Shirika likikosa jibu, hata likiwa shirika letu, musisaini kwanza.

Hesabu zitarudi kwetu? Mara nyingi mlimaji anahesabiwa na haoni kitu. Kila mwezi jumla isomwe mu mkutano na ibandikwe ku mlango wa depo. Mwenye kuona kosa aseme, lirekebishwe mbele ya wote.

Muanzie hapa

Mbele ya kufikiri juu ya telefone, mupange kaye zote za sekta kwa safu sita: tarehe, namba ya mwanamemba, zao, kilo, kimeingia ao kimetoka, sahihi ya mwenyewe. Mufanye vile masimu moja nzima. Kaye zikilingana na mahindi yaliyo mu depo, kuingiza hesabu mu jukwaa ni kazi ya siku chache. Kaye zisipolingana, mutafute sababu kwanza, juu jukwaa litapanua tu shida iliyo ndani ya kaye.