Mwenye Mgonjwa

Ukimfikisha mgonjwa hospitalini, iwe Bahati au Nakuru mjini, hutakaa sana kabla hujasikia swali hili: "Mwenye mgonjwa ni nani?" Anayeitika ndiye atakayepanga foleni ya malipo, akimbilie duka la dawa nje ya lango, kisha kesho arudi na uji na nguo safi.

Kiswahili hakikumsahau mtu huyo. Kitenzi kuugua kimezaa kuuguza, kumtunza anayeugua, na pia kuuguliwa, kupatwa na ugonjwa wa mtu wako. Mzee aliyelazwa anaugua, bintiye ameuguliwa, naye anapofunga kibanda chake cha mboga ili amwangalie babake, anamuuguza. Kuuguliwa kumekaa karibu na kufiwa: balaa imempata mwingine, lakini nawe imekuangukia. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa "ugua pole", na anayemtunza akapewa pole ya kuuguza.

Jina muuguzi, hata hivyo, limeshikwa na taaluma. Nchini Kenya muuguzi ni aliyesomea kazi hiyo na kusajiliwa na Baraza la Wauguzi. Wodini utasikia "sista" au "nesi", na afisa wa kliniki huitwa daktari tu. Ni haki taaluma ilindwe, maana mgonjwa lazima ajue nani amehitimu. Ila kuuguza kumebaki nyumbani, na anayeuguza hana jina.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao wengi wao walikuwa wakizunguka vijijini kwa kujitolea. Walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, na ahadi ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Jina jipya lilikuja na vifaa na malipo, ingawa ni madogo. Lakini mhamasishaji akishampima mzee kule Kabatini, ana nyumba nyingine za kufikia. Anayebaki kumgeuza mzee kitandani usiku ili asipate vidonda, kumwosha na kumpa vidonge kwa saa yake, ni mkaza mwana au mjukuu.

Kwangu mimi, huyo ni muuguzi wa nyumbani, na anastahili kuitwa hivyo na kufundishwa namna ya kumwinua mgonjwa bila kujiumiza mgongo. Ukienda kumjulia mtu hali, mpe pole yake, kisha mgeukie anayemuuguza, umuulize kama naye amepata usingizi.