Wepesi Kwanza, Nguvu Baadaye

Huenda msomaji akashangaa kuona ukumbi huu, uliozoea kujadili vitabu, mitihani na lugha, ukiligeukia leo suala la magari ya kasi. Naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Suala lenyewe ni la fizikia na hesabu, masomo ambayo wanafunzi wetu wengi huyaogopa. Aidha, ni suala la akiba ya kijana na, zaidi ya yote, la uhai wake. Nalo ni hili: mtu anayetaka gari dogo la spoti, lenye milango miwili na paa lililoinama kwa nyuma, achague lililo jepesi au lenye nguvu nyingi?

Gari la namna hiyo Wafaransa waliliita coupé, yaani lililokatwa, kwa kuwa asili yake ni gari la kukokotwa na farasi lililofupishwa. Ulimi wetu ukilitamka neno hilo huangukia kupe, yule mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Maana zote mbili, ya kukata na ya kunyonya, zitatufaa katika mjadala huu.

Aliyenichokoza kuandika ni mpwa wangu, mhandisi kijana ambaye amekuwa akidunduliza fedha tangu aajiriwe. Alinijia na majina ya magari mawili, yote yaliyotumika, yote ya Japani. La kwanza ni Toyota 86, lililoanza kuuzwa mwaka wa 2012, ambalo Toyota ililibuni kwa ushirikiano na Subaru. Lina injini ya lita 2.0, nguvu za farasi zipatazo 200, na uzito wa kilo 1,240 hivi. La pili ni Nissan 370Z, ambalo Wajapani hulijua kwa jina la Fairlady Z. Injini yake ni ya lita 3.7 na silinda sita, nguvu zake ni za farasi takriban 330, na uzito wake unakaribia kilo 1,500. Yote mawili husukumwa na magurudumu ya nyuma. "Mjomba," akaniambia, "wewe ni mwalimu wa fizikia. Nichukue lipi?"

Nilimwambia tuanze na haki ya yule mwenye nguvu. Ukigawa nguvu kwa uzito, 86 hupata nguvu za farasi 161 kwa kila tani, ilhali Z hupata 220. Kwa takwimu walizozitoa watengenezaji wenyewe barani Ulaya, Z hufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama kwa sekunde 5.3, na 86 kwa sekunde 7.6. Katika barabara iliyonyooka, basi, hakuna mashindano. Anayedai kuwa wepesi hushinda nguvu kila mahali anajidanganya, na mwalimu hana ruhusa ya kuwadanganya watu.

Hata hivyo, barabara haikunyooka yote, na kuendesha gari si kuongeza mwendo tu. Gari hufanya kazi tatu: huongeza mwendo, hupunguza mwendo, na hugeuka. Injini yenye nguvu husaidia katika kazi ya kwanza peke yake. Uzito, kwa upande wake, huingilia zote tatu. Ukimwongezea mtu misuli, ataubeba mzigo wake kwa kasi zaidi. Ukimpunguzia mzigo, atakwenda kwa kasi, atasimama kwa urahisi, na atageuka bila kuyumba.

Hapa mwanafunzi makini atanikatiza. Atasema: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba umbali wa kusimama hautegemei tungamo. Msuguano wa tairi huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hivyo gari zito na gari jepesi husimama mahali pamoja." Mwanafunzi huyo apewe alama zake zote, kisha aongezwe somo la pili. Mpira wa tairi hautii sheria hiyo kikamilifu. Kadiri tairi linavyokandamizwa ndivyo sehemu yake ya mshiko inavyopungua ikilinganishwa na uzito linaoubeba, na ndiyo sababu gari zito huhitaji tairi pana. Tena, nishati mwendo yote lazima igeuke joto ndani ya breki. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, 86 huwa na nishati ya kilojuli 478 hivi, na Z huwa na kilojuli 579. Tofauti hiyo ya zaidi ya asilimia 20 huzikabili breki kila mguu unapokanyaga, na katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, mguu hukanyaga mara nyingi.

Waingereza wana mfano bora zaidi wa falsafa hii. Kampuni ya Lotus, iliyoasisiwa na mhandisi Colin Chapman, ilijijengea jina kwa kupunguza uzito badala ya kuongeza injini. Gari lao la Elise, lililoanza kuuzwa mwaka wa 1996, lilitumia injini ya kawaida ya lita 1.8 ya kampuni ya Rover, yenye nguvu za farasi 118 pekee. Lakini kiunzi chake kilikuwa cha vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi. Gawa mwenyewe, msomaji: utapata nguvu za farasi 163 kwa kila tani, sawa na 86 yenye injini kubwa zaidi. Waliokata walifika mahali pale pale walipofika walioongeza, na walitumia mafuta machache njiani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo takwimu za sekunde hazilisemi. Raha ya gari la spoti huanzia wapi? Toyota waliipa 86 tairi nyembamba kimakusudi, za aina ile ile iliyotumiwa katika baadhi ya magari ya Prius, gari la kubania mafuta. Hawakufanya hivyo kwa ubahili. Walitaka dereva aanze kuhisi mshiko wa tairi ukielekea ukingoni akiwa bado katika mwendo wa wastani, ajifunze kuusikiliza usukani, na akikosea, akosee polepole. Z, kwa upande wake, katika matoleo yake ya juu huvaa tairi za nyuma zenye upana wa milimita 275. Tairi hizo hushika kwa uthabiti kwelikweli. Lakini siku zitakapoachilia, zitaachilia katika mwendo ambao hauna muda wa somo.

Niliketi ubavuni mwa mpwa wangu alipoyajaribu magari yote mawili. Ndani ya 86 alikuwa na kazi tele: kubadilisha gia, kuipandisha injini hadi iimbe, kuipima kona mapema. Alitabasamu, nasi tulikuwa hatujavuka mwendo wa sheria. Ndani ya Z alikanyaga mara moja, akatazama mshale, akaachilia haraka. Gari lilikuwa bado halijaanza kutoa jasho, na sheria ilikuwa imekwisha. Katika nchi ambayo mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa, na ambamo matuta, bodaboda na watoto watokao shuleni hugombania barabara moja, gari ambalo raha yake huanzia mahali sheria inapokomea ni mwaliko wa mahakamani, au wa pabaya zaidi.

Tusisahau kwamba nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Hiyo 86 nyepesi ikienda kilomita 120 kwa saa huwa na kilojuli 689, zaidi ya Z nzito iendayo 100. Maana yake ni kwamba wepesi haumlindi dereva mpumbavu. Adui mkuu ni mwendo, na hoja yangu ni kwamba kijana achukue gari linalomshawishi kidogo na kumfunza kwingi.

Historia ya barabara zetu pia ina ushahidi. Wazee wanaikumbuka Datsun 240Z, nyanya yake hii 370Z, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973. Ilikuwa na uzito wa tani moja na kidogo. Kizazi baada ya kizazi ukoo huo ulinenepa, na kila uliponenepa uliongezewa injini ili uubebe unene wake. Isitoshe, katika Safari ya 1973, Shekhar Mehta aliyekuwa ndani ya 240Z ya silinda sita alimaliza kwa alama sawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun 1800 SSS, gari la kawaida la silinda nne. Ilibidi kanuni za mashindano zitumiwe kumtafuta mshindi, naye akawa Mehta. Baada ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi, nguvu ya ziada haikununua hata alama moja.

Najua jibu la wapenzi wa nguvu: kulipita lori. Atakayekwama nyuma ya trela mlimani anahitaji kupita upesi na kurudi upande wake. Hoja hiyo ni nzito, na huku nyanda za juu inazidi uzito, kwani hewa nyembamba ya mwinuko wa Nairobi huipokonya injini isiyo na taba takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Wepesi wa gari hauathiriki na mwinuko, lakini nguvu za farasi 200 si 200 tena. Jibu langu ni kwamba mwenye 86 atateremsha gia mbili na kungoja mwanya mpana zaidi. Kungoja huko ni sehemu ya udereva, na wengi tuliowazika walikuwa na nguvu ya kutosha. Walichokosa ni mwanya.

Na kupe je? Kwa vipimo vya Ulaya, 86 hunywa takriban lita 8 za petroli kwa kilomita 100, na Z lita 10 na nusu. Ongeza tairi pana na breki kubwa. Mnyonyo huo haukomi siku ya kununua. Huo ndio mwanzo wake. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, ng'ombe mwenyewe ndiye mfuko wake.

Sisemi kwamba 370Z ni gari baya. Dereva aliyekomaa, mwenye uwezo wa kulilisha na mahali pa kulikimbizia palipotengwa kwa shughuli hiyo, atalifurahia. Lakini nguvu huja baada ya ujuzi, kama vile insha ndefu huja baada ya sentensi sahihi. Kwa kijana anayeanza, nasema bila kusita: achukue jepesi. Tumezoea kudhani kwamba kila upungufu hutibiwa kwa kuongeza. Wahenga hawakudhani hivyo. Walijua kwamba bandu bandu huisha gogo, na anayetaka mtumbwi hana budi kuondoa magogo mengi ya ziada kabla ya kutafuta makasia makubwa.