Gari la Maksai Lililopita Kwenye Waya wa Simu

Wanangu, sogeeni. Jana mmoja wenu aliniuliza kwa nini kila kipindi cha Historia naleta kishikwambi kimoja tu, ilhali darasani mko 62. Nikamwambia kimoja kinatosha. Hakuridhika, nililiona jicho lake. Basi leo nampa jibu lake kamili, na jibu lenyewe linaanzia mbali, katika mji wa Minneapolis, Marekani, mwaka 1971.

Huko alikuwepo kijana wa miaka 21, jina lake Don Rawitsch. Alikuwa mwalimu wa mazoezi, kama wale wanaokuja kwetu kila mwaka na andalio la somo lililopigiwa mistari kwa kalamu za rangi tatu. Alipewa darasa la watoto wa rika lenu na mada ya kufundisha: jinsi Wamarekani walivyohamia magharibi ya nchi yao katika karne ya 19. Familia zilipakia vyombo kwenye magari ya turubai, yakakokotwa na maksai kutoka Missouri, yakakata nyika, mito na milima hadi Oregon. Zaidi ya kilomita 3,200. Miezi mitano, hata sita, na wengi walizikwa njiani.

Mada kama hiyo mwalimu anaweza kuimaliza kwa dakika kumi. Anaandika ubaoni sababu tano na matatizo manne, mnanakili, mnafunga daftari. Rawitsch hakutaka iishie hapo. Alitandaza karatasi kubwa sakafuni kwenye nyumba aliyopanga na wenzake, akachora njia nzima, akaanza kutunga mchezo wa dadu na kadi. Ukirusha dadu, gari linasonga. Ukifunua kadi, mvua imenyesha, gurudumu limevunjika, mtoto ameshikwa na homa.

Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, nao walikuwa walimu wa mazoezi, wa Hisabati. Wakaikuta ramani imelala sakafuni. Heinemann alikuwa amejifunza kuandika programu, na mara moja akaona jambo: chakula kilichobaki, pesa zilizobaki, umbali uliosalia, vyote hivyo ni hesabu, na kompyuta inazishika vizuri kuliko dadu. Wakaketi kazini. Kwa wiki mbili hivi, katika chumba kidogo cha shule kilichokuwa stoo ya mfagizi, wakaandika programu yao mstari baada ya mstari.

Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Somo lilikuwepo kwanza. Mchezo ukafuata. Kompyuta ikaja mwisho, kumsaidia mwalimu ambaye tayari alijua anataka kufundisha nini. Nimeona shule zinazoanzia upande wa pili: mashine zinafika, zinafungiwa kabatini kwa kufuli, kisha watu wanajiuliza zifanye nini. Ninaumia ninapoyaona hayo.

Na mkisikia kompyuta msifikirie kioo na rangi. Darasani kwa Rawitsch haikuwepo kompyuta yenyewe. Ilikuwepo teletaipu, mashine kubwa ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta moja iliyohudumia shule za mji mzima. Unabonyeza herufi, zinasafiri kwenye waya, kompyuta inafikiri huko iliko, jibu linarudi likijichapa kwenye karatasi ndefu, tak-tak-tak, herufi chache tu kwa sekunde. Picha haikuwepo hata moja. Siku zile huo ndio uliokuwa mtandao.

Tarehe 3 Desemba 1971, wanafunzi wakaanza safari. Mchezo unawarudisha mwaka 1847. Gari mmekwisha kulinunua, mfukoni zimebaki dola 700. Mtatoa ngapi kwa maksai, ngapi kwa chakula, ngapi kwa risasi na nguo? Mkinunua maksai dhaifu, mtatambaa na theluji itawakuta milimani. Mkimaliza pesa kwa maksai, mtashinda na njaa. Mkisimama kuwinda, mnapata nyama na kupoteza siku.

Kuwinda kwenyewe kulikuwa hivi: mashine inawaamuru mwandike neno BANG, ule mlio wa bunduki kwa Kiingereza. Ukiliandika haraka, umempata mnyama. Ukichelewa, au ukikosea herufi, mnyama huyo amekwenda zake.

Mashine moja, darasa zima. Mngefanyaje? Watoto wale waligawana kazi. Mwenye vidole vyepesi akawa mwindaji. Mwingine akashika ramani, mwingine akashika hesabu ya pesa. Palipokuwa na uamuzi wa kufanya walipiga kura, na kabla ya kura walibishana. Hapo kwenye ubishi ndipo palipokuwa na somo! Mtoto aliyesimama kuwaeleza wenzake kwa nini wapunguze mlo wiki hii ili waache akiba ya mlimani alikuwa ameuelewa uhamaji ule kuliko mtoto aliyenakili matatizo manne. Alikuwa amelibeba tatizo lenyewe. Na kama kila mtoto angekuwa na teletaipu yake, wangeketi kimya, kila mmoja akifa peke yake njiani.

Maana walikufa, na mara nyingi. Kwa njaa, kwa baridi, kwa maradhi. Wakarudi kwenye foleni kuanza upya. Walikuja mapema kabla ya kengele ya asubuhi, na jioni walibaki baada ya masomo. Kufa kwenye mchezo kuna faida ambayo mtihani hauna: umejua kosa lako saa ile ile, na nafasi ya kulirekebisha unayo.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch akaifuta programu kwenye kompyuta. Kabla ya kuifuta, aliichapa yote kwenye karatasi akaiweka. Mwaka 1974 akaajiriwa na MECC, chombo cha jimbo la Minnesota kilichosambaza huduma za kompyuta mashuleni. Akaichukua karatasi yake, akaiingiza programu tena kwenye kompyuta kwa mkono wake, mistari 800 hivi. Shule za jimbo zima zikaupata mchezo huo, baadaye nchi nzima. Ndio mchezo unaoitwa The Oregon Trail, na toleo lake la zamani liko kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Mwenye intaneti anaucheza bure.

Ila lipo jambo jingine linalonifurahisha kwa Rawitsch. Alipokuwa akiuandika upya aliketi na shajara za wasafiri wenyewe, akasoma walivyoandika kila siku: mvua ilinyesha lini, maji yalikosekana wapi, nani aliugua. Akabadilisha nambari za mchezo zilingane na yaliyotokea kweli. Na shajara zikamwonyesha kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao hadithi nyingi ziliwachora kama maadui wa kuvamia tu, mara nyingi waliwasaidia wasafiri na kuwaonyesha chakula. Mchezo hufundisha pia makosa ya aliyeutunga, tena hufundisha kwa nguvu, kwa sababu mtoto anacheka na kushangilia huku yanamwingia.

Sasa turudi kwetu. Kishikwambi hiki ni kimoja kati ya vile vilivyotumika kuhesabu watu kwenye Sensa ya 2022, kisha vikagawiwa kwa walimu. Likizo iliyopita nilijifunza Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Unaunganisha amri kama matofali, inazungumza Kiswahili, na ukishaipakua haihitaji bando. Nikatunga nayo safari ya kwetu: msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji, kilomita kama 1,200. Maksai hawamo, na mmoja wenu aliuliza sababu. Ni mbung'o. Waliua mifugo njiani, ndiyo maana mizigo ilibebwa na watu, kila mpagazi na kilo 30 hivi mabegani. Ndani ya mizigo mlikuwa na shanga, waya wa shaba na vitambaa, kikiwemo merikani, kilichopewa jina hilo kwa kuwa kilitoka Marekani, nchi ile ile ya magari ya turubai.

Mnakumbuka tulivyoanza. Ramani ya chaki sakafuni, vizibo vya soda ndio wapagazi, makundi manane, kishikwambi mezani kikishika hesabu. Kundi la dirishani lilijaza shanga likasahau chakula, likakwama kabla ya Mpwapwa. Kundi la mlangoni lilifika Ugogo na wapagazi wote, kisha mchezo ukawaambia: Wagogo wamezuia njia, wanadai hongo, toa vitambaa kumi.

Mkaguna. Mkasema watu hawa ni wakorofi.

Ndipo binti wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, lakini bibi yangu ni Mgogo. Anasema kule kwao mvua ni haba, na kisima kinachimbwa na watu wa kijiji kwa siku nyingi. Msafara una watu mia tano. Wakinywa wote, kijiji kinabaki na nini?"

Nilisimama pale na chaki mkononi. Nilikuwa nimeandika neno hongo kama lilivyoandikwa na wasafiri waliolipa, na sikuwa nimemwuliza aliyechimba kisima.

Nikampa kishikwambi. Akaja mbele, akaketi kwenye kiti changu, nikamwonyesha tofali la kubadilisha. Ninyi mkasimama mkamzunguka, wengine juu ya madawati, na kengele ya mapumziko ikalia pasipo mtu kutoka. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Kisha akawasomea: "Mmefika Ugogo. Kuna kisima. Wenyewe wanauliza mko wangapi, na mtakaa siku ngapi."

Kundi la mlangoni likaanza kubishana.