Ukuta wa mpakani: jirani anapojenga, nani anakulinda?

Jirani anataka kujenga fremu ya duka mpakani, iegemee ukuta wako. Wewe hujengi, lakini nyufa zikija ni zako.

Uingereza wana sheria ya mwaka 1996 kwa kuta za pamoja. Anayejenga humpa jirani taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kugusa ukuta huo. Wasipoelewana, huteuliwa mpima. Kwa kawaida hukagua kwanza nyumba ya jirani na kuandika kila ufa uliopo. Hata kama analipwa na anayejenga, kisheria si mtu wake.

Kwetu Ringwani ulinzi unaanzia kwenye mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na kabla ya hati mipaka huhakikiwa pale pale shambani, majirani wakiwepo. Siku hiyo nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Mkonge na minyaa ya babu ni ushahidi mzuri, ila hung'olewa usiku mmoja.

Msingi ukianza kuchimbwa, piga picha za kuta zako kwa simu, nje na ndani. Ukiona umeingiliwa, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, kwa hiyo wahi ukuta ukiwa bado msingi. Ukishafika renta, nani atakubali kubomoa?